Bunge la Vijana Lisilo na Serikali

Sogeeni karibu na redio, na mwenye daftari alifungue. Juma lililopita tulisoma habari za mkutano wa kijiji na kazi ya mwenyekiti. Leo twaenda mbali kidogo, mpaka Ulaya, tukatazame vijana wa nchi nyingi wanaokutana kujadili siasa. Chama chao huitwa Bunge la Vijana wa Ulaya.

Kwanza andikeni neno hili: AZIMIO. Azimio ni shauri ambalo watu wamelikata pamoja na kuliandika. Tutalihitaji.

Jambo hili lilianza mwaka 1987 katika shule moja ya mji wa Fontainebleau, karibu na Paris, nchini Ufaransa. Lilikuwa kazi ya shule tu. Mwaka uliofuata vijana wakakutana kwa mara ya kwanza. Siku hizi limeenea katika nchi zipatazo 40, na kila nchi ina kamati yake. Kamati hizo huendeshwa na vijana wenyewe kwa kujitolea. Tangu mwaka 2004 ofisi kuu iko Berlin, Ujerumani, chini ya wakfu uitwao Schwarzkopf.

Kijana huingiaje? Shule hutoa kikundi cha wanafunzi, kikaenda kwenye mkutano wa nchi yao. Huko wako waamuzi wanaotazama jinsi kila mmoja anavyofanya kazi na wenzake. Kikundi kilichochaguliwa hupelekwa kwenye mkutano mkubwa wa nchi zote.

Sasa sikilizeni vizuri. Mngedhani kwamba katika mkutano huo Wafaransa watakaa pamoja ili waisemee Ufaransa. Sivyo. Kikundi huvunjwa. Mfaransa mmoja hutiwa katika kamati ya mazingira, mwenziwe katika kamati ya kazi, wa tatu katika kamati ya sheria. Kila kamati ni mchanganyiko wa watu wasiojuana. Kwa mfano, Armenia na Azerbaijan zilipigana vita mwaka 2020, na nchi zote mbili zina vijana katika chama hiki. Kwa mpango huu, kijana wa upande mmoja aweza kukuta jirani yake mezani ni wa upande wa pili, na wote wawili wanatakiwa waandike azimio moja.

Ndiyo maana hawaanzi na maneno makali. Huanza na michezo. Mmoja wao ni huu: watu husimama duara, hushikana mikono ovyo mpaka wawe fundo, kisha hulifungua fundo hilo bila kuachiana mikono. Mtu mzima aweza kucheka. Lakini mtu uliyemkanyaga mguu mkacheka pamoja, si rahisi kumtukana baada ya chakula cha mchana.

Baadaye kamati hupewa swali. Wajumbe hubishana, kisha huandika: kwanza sababu, halafu mambo yanayotakiwa kufanywa. Mwenyekiti wao ni kijana aliyewatangulia kidogo tu. Yeye huongoza maneno, wala hatoi maoni yake.

Mwisho kamati zote hukusanyika katika ukumbi mmoja. Mjumbe wa kamati yenye azimio husimama kulitetea. Wengine hulipinga. Kamati ikitaka kusema huinua kibao chenye jina lake, ikangoja kupewa nafasi. Mjumbe asiyesikia vizuri ana haki ya kusema kwamba hasikii. Mtetezi hupewa neno la mwisho, kisha kila mjumbe hupiga kura yake. Azimio laweza kuanguka, hata kama limeandikwa kwa jasho la siku nyingi.

Huenda mmoja wenu anauliza: "Bwana Mwalimu, likishapita, nani hulitekeleza?" Jibu ni kwamba hakuna serikali inayolazimika kulitekeleza. Chama hiki si sehemu ya Bunge la Ulaya lile la wabunge waliochaguliwa. Mimi nilipolijua hilo, niliona ni mchezo wa watoto. Baadaye nikafikiri tena. Mbunge wa kweli akigeuza maoni yake katikati ya mjadala, nyumbani wangojea waliompigia kura, nao watamwita msaliti. Kijana huyu hangojewi na mtu. Aweza kusema, "Mwenzangu, umenishinda kwa hoja," na asipoteze kitu.

Lakini yako mambo nisiyoyapenda. Lugha itumikayo zaidi ni Kiingereza, na wahudhuriaji hutakiwa kulipa ada na kutafuta nauli. Wafadhili husaidia, lakini kijana wa shule yenye walimu wa kutosha na baba mwenye fedha amekwisha kutangulia kabla mlango haujafunguliwa. Bunge linalokosa mtoto wa kibarua litajuaje bei ya mkate?

Haya, kazi ya juma hili. Gawanyeni darasa makundi matatu. Ndugu wasikae pamoja, wala majirani. Swali ni hili: fedha za kisima zitozwe kwa kila nyumba, au kwa kila ndoo? Kundi la kwanza liandike azimio la sentensi tano. Kundi la pili lilipinga. Kundi la tatu liulize maswali, kisha watu wote wapige kura. Mwalimu wa darasa awe mwenyekiti, naye asitie neno lake.

Mje na karatasi hizo juma lijalo. Kwaherini.