SOMO LETU LA LEO: SANTURI ZA METALLICA

Kila mmoja achukue penseli na karatasi, maana leo tuna miaka ya kuandika.

Huko Marekani iko bendi iitwayo Metallica. Ilianzishwa mjini Los Angeles mwaka wa 1981 na vijana wawili: Lars Ulrich, mpiga ngoma, na James Hetfield, mwimbaji na mpiga gitaa. Muziki wao huitwa hevi metali, maana yake chuma kizito. Magitaa ya umeme hukwaruza, na ngoma hupigwa mbio. Si muziki wa kumbembelezea mtoto.

Andika sasa. Santuri yao kubwa ya kwanza ilitoka mwaka wa 1983. Ya kumi na moja, mwaka wa 2023. Toa 1983 katika 2023. Umepata ngapi? Miaka 40.

Katika hizo, tutazame ya nne, iliyotoka mwaka wa 1988. Mwezi wa Septemba 1986, bendi ilikuwa safarini Uswidi. Alfajiri basi lao likapinduka, na mpiga besi wao, Cliff Burton, akafa. Umri wake ulikuwa miaka 24. Jason Newsted akashika nafasi yake. Alipiga besi katika santuri ile ya nne tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini ukiisikiliza, utadhani hakuwapo.

Imekuwaje? Katika studio kila chombo hunaswa peke yake: ngoma mbali, gitaa mbali, sauti ya mwimbaji mbali. Kisha mafundi huzichanganya, huku wakiongeza hii na kupunguza ile, kama mpishi apimavyo chumvi. Safari ile besi ilipunguzwa mno, ikamezwa na magitaa. Mtu alifanya kazi yake yote, na jasho lake halikusikika. Mimi naona alionewa, ingawa wako wapenzi wengi waipendao santuri ile hivyo hivyo ilivyo.

Ya tano, ya mwaka wa 1991, ilisimamiwa na Bob Rock. Humo besi yasikika wazi. Katika Marekani peke yake zimeuzwa zaidi ya milioni 16. Newsted aliiacha bendi mwaka wa 2001.

Ukizipata, sikiliza kwanza ya 1988, kisha ya 1991. Tega sikio kwa ile sauti nene ya chini. Uandike mistari mitatu: umesikia nini katika ya kwanza, na nini katika ya pili?