Divai ya Ninawi

Wasomaji wa Biblia wanamkumbuka yule amiri wa Senakeribu, mfalme wa Ashuru, aliyesimama nje ya kuta za Yerusalemu mwaka 701 kabla ya Kristo akawahutubia wenyeji kwa lugha yao. Katikati ya vitisho aliwatupia chambo: wakijisalimisha, watapelekwa kwenye nchi ya nafaka na divai. Wahubiri wengi humwita mwongo. Kwa upande wa divai, walau, alisema kweli.

Mwaka 2021 wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Udine, Italia, pamoja na wenzao wa Duhok, kaskazini mwa Iraki, walitangaza kuwa wamekuta mashinikizo 14 huko Khinis, ulikoanzia mfereji wa Senakeribu wa kupeleka maji Ninawi, mji wake mkuu. Yamechongwa mwambani, na ni ya zama za mfalme huyo. Kazi yake inaeleweka kwa kuyatazama tu: juu kuna beseni la mraba ambamo watu walikanyaga zabibu kwa miguu, chini kuna la duara la kukinga maji yake. Mashinikizo 14 mahali pamoja! Hapo palikuwa na kiwanda.

Wanywaji hawakukosekana. Vibao vya udongo vya Nimrud, mji mwingine wa Ashuru, vya karne ya 8 kabla ya Kristo, vinaorodhesha mgao wa divai wa watumishi wa ikulu, na kabla ya hapo mfalme Ashurnasirpal wa Pili alijigamba kukaribisha wageni 69,574 kwa siku 10, kwa viriba 10,000 vya divai. Majigambo ya wafalme hayakosi chumvi, lakini hata robo yake ni divai nyingi.

Ninawi ilianguka mwaka 612 kabla ya Kristo. Zabibu zikaendelea kulimwa na wasio na ikulu. Katika milima ya Tur Abdin, kusini-mashariki mwa Uturuki, Wakristo wa Kisuryani, ambao wengi wao hujitambua kuwa Waashuri, walitengeneza divai ya madhabahuni na ya nyumbani. Mauaji ya 1915, wanayoyaita Sayfo, na uhamiaji wa kwenda Ulaya vikaacha vijiji vingi vitupu. Sasa mjini Midyat kiwanda cha Shiluh kinakamua zabibu za kienyeji, zikiwemo Mazrona na Kerküş. Kudai kwamba hii ndiyo divai ya Senakeribu ni kupitiliza. Anayeshika kazi ya babu zake katika mazingira haya hahitaji kuazima sifa za mfalme.

Atakayetaka kuionja aanzie Midyat. Kwa maana huko Baghdad, mji mkuu wa Iraki, sheria iliyoanza kutumika mwaka 2023 inakataza kutengeneza, kuingiza na kuuza pombe.