Kasi ya Mtandao Nayo Ina Mizani Yake

Mnunuzi wa dhahabu pale Geita hatoi pesa kwa kuangalia macho tu. Kwanza mizani, halafu malipo. Leo nataka tuzungumzie bidhaa nyingine inayonunuliwa na ofisi, benki na hospitali za Geita na Shinyanga: kasi ya mtandao wa kompyuta.

Njia inayounganisha kompyuta katika jengo huitwa Ithaneti. Ilibuniwa Marekani mwaka 1973. Kiwango cha mwaka 1983 kilipitisha biti milioni 10 kwa sekunde, na biti ni alama moja tu, ndiyo au hapana. Mwaka 1998 ilifika gigabiti 1, yaani biti bilioni moja. Mwaka 2002 gigabiti 10. Mwaka 2010 gigabiti 100.

Ugumu uko wapi? Alama husafiri ndani ya kebo kiasi cha kilometa 200,000 kwa sekunde, na mwendo huo hauongezeki. Kinachotokea ni biti kusongamana. Mwaka 1983 kila biti ilichukua mita 20 za kebo. Kwa gigabiti 100, zikifuatana katika mstari mmoja, kila biti hupata milimita 2. Dosari ambayo biti ya mita 20 haikuihisi humeza kabisa biti ya milimita 2. Waya wa shaba hudhoofisha alama za haraka, na kiungio kibovu hurudisha mwangwi. Ndiyo maana kebo ya shaba ya kawaida hukomea mita 100. Kutoka ofisini hadi shimoni mgodini ni mbali zaidi ya hapo. Huko hutakiwa nyuzi za kioo zipitishazo mwanga, kama zile za Mkongo wa Taifa unaopita Shinyanga kwenda Mwanza.

Lakini kioo nacho kina adui, naye ni vumbi. Ukigawa milimita moja mara 1,000, njia ya mwanga katika uzi wa masafa marefu ni sehemu 9 tu. Chembe moja ya vumbi la kiangazi ikikaa kwenye kiungio, mwanga unazibwa.

Sasa tuje kwenye mizani. Taa ya kijani ikiwaka husema tu kwamba pande mbili zimeonana. Fundi wa kweli hutuma biti anazozijua, kisha huhesabu upande wa pili zilizoharibika. Kwa gigabiti 10, kosa lisizidi moja katika biti bilioni elfu moja. Ili awe na uhakika wa asilimia 95, hupitisha mara tatu ya hizo bila kosa hata moja. Kazi hiyo huchukua dakika 5.

Biti moja ikiharibika, furushi zima hutupwa na kutumwa upya. Wewe huoni kosa. Unaambiwa mtandao ni mzito, na mgonjwa anasubiri dirishani. Ofisi inaweza kulipia kasi kubwa zaidi, kumbe ugonjwa ni kiungio kichafu.

Kwa hiyo nasema, mkandarasi asilipwe mpaka alete karatasi ya vipimo vya kila mstari: urefu, mwanga uliopotea na makosa yaliyohesabiwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.