Pampu ya SMS Haijibu? Kagua Nyaya Kabla ya Kulaumu Mtandao

Ndugu mkulima, kama nyanya zako ziko Kahe na wewe unaishi Kibosho, pampu inayowashwa kwa SMS inakuokolea nauli. Shida ni siku inaponyamaza kiangazi: udongo unakauka na maua yanapukutika. Wengi wetu tunakimbilia kubadilisha laini. Kumbe tatizo linaweza kuwa ndani ya boksi, kwenye nyaya zinazounganisha modemu na kidhibiti, yaani kile kibao kinachoamuru pampu. Tuzielewe, ili hata ukimwita fundi ujue anafanya nini.

Nyaya za data

Ni tatu: TX inatuma, RX inapokea, GND ni ya pamoja. Kwenye modemu ndogo za kibao, kwa kawaida TX ya upande mmoja inaingia RX ya upande wa pili. Ukiunganisha TX kwa TX, wote wanaongea na hakuna anayesikiliza.

Modemu yenye soketi ya RS-232 ya pini 9 ni tofauti. Majina yake yamepangwa kwa kuangalia upande wa kompyuta, kwa hiyo pini 2 inaitwa RX lakini ndiyo modemu inatolea data. Hapo waya unanyooka: 2 kwa 2, 3 kwa 3, 5 kwa 5.

Angalia volti pia. RS-232 inaweza kufika volti 15, chanya au hasi, wakati vibao vingi vinatumia 3.3 au 5. Usiunganishe moja kwa moja, utaunguza kibao. Weka chipu ya kubadilisha, mfano MAX3232.

Nyaya za ishara

- RTS na CTS: Ni kama zamu ya maji ya mfongo: hufungulii maji mpaka wa chini aseme yuko tayari. Kidhibiti kinasubiri CTS, modemu inasubiri RTS. Kama mpangilio unazidai na hazijaunganishwa, data inakwama.
- DTR: Kidhibiti kinasema "nipo tayari". Kutegemea mpangilio, ikizimwa modemu inakata mawasiliano, au inaruhusiwa kulala.
- DCD: Modemu inaarifu kwamba muunganisho wa data umesimama.
- RI: Inaashiria simu inapoingia, na kwa modemu nyingi hata SMS. Kama boksi lako linalala kuokoa betri ya sola, waya huu ndio unaoliamsha. Ukikatika, SMS inafika kwenye modemu lakini kidhibiti kinaendelea kulala.

Namna ya kukagua

1. Zima umeme wa pampu kwanza. Usicheze na volti 230.
2. Unganisha modemu na kompyuta kwa adapta inayofaa, weka kasi iliyoandikwa kwenye kitabu chake (mfano 9600), kisha tuma AT. Ikijibu OK, modemu ni nzima. Sasa kagua nyaya zinazoenda kwenye kidhibiti. Ikinyamaza, rudi kwenye TX, RX, GND, kasi na umeme wa modemu.
3. Tuma AT+CSQ. Namba ya kwanza ni nguvu ya mtandao, 0 hadi 31; 99 maana yake haijulikani.
4. Jitumie SMS huku fundi akipima RI. Mshtuko wake ni mfupi sana, mita ya kawaida inaweza kuukosa.

Yote yakiwa sawa na bado kimya, hapo sasa kagua salio na laini. Fanya ukaguzi huu kabla ya kiangazi, maana nyanya hazisubiri fundi.