Ufini: Kisu cha mpini wa magome, zawadi ya heshima inayoweza kukutia matatani mjini

Kwa wiki chache mwanzoni mwa kiangazi, maji yanapopanda kwa wingi ndani ya miti ya betula, gome la nje huachia shina na kubanduka katika mapande mapana bila kuchanika. Mafundi wa visu nchini Ufini huzitumia wiki hizo kujiwekea akiba ya mwaka mzima. Gome hilo jeupe, ambalo mpita njia hulifikiria kuwa linafaa kuwashia moto tu, ndilo linalojengewa mpini wa kisu mashuhuri kuliko vyote nchini humo: puukko.

Puukko ni kisu kifupi kisichokunjwa, chenye makali upande mmoja, kinachoning'inizwa kiunoni ndani ya ala ya ngozi. Ubapa wake kwa kawaida haupindukii sana sentimita 10, na mpini wake huenea kiganjani bila kubaki. Hutumika kuchongea mbao, kupasulia samaki, kuchunia wanyama wa mawindo, na hata kupakia siagi kwenye mkate. Wapo wanaolihusisha jina lake na neno puu, ambalo katika Kifini lina maana ya mti au mbao.

Mkazi wa Uswidi huenda ameshakiona kisu cha jamii hiyohiyo, yaani kisu cha Mora kutoka Dalarna, chenye mpini wa mbao uliopakwa rangi nyekundu. Mpini huo wa Mora huchongwa katika kipande kimoja. Ule wa magome haukuchongwa kwanza. Umejengwa, tabaka juu ya tabaka.

Mpini unavyojengwa

Fundi hukata gome katika vipande vidogo vya mraba, hutoboa kila kimoja katikati, kisha huvitunga kwenye msuka, yaani ule ulimi wa chuma unaotoka kwenye ubapa na kuingia ndani ya mpini. Kazi hiyo inafanana na kutunga nyama kwenye kijiti cha mishikaki, ila hapa hakuna mwanya unaoruhusiwa kubaki. Mpini mmoja humeza makumi ya vipande. Mbele na nyuma huwekwa bamba dogo, mara nyingi la shaba ya manjano, kisha mtungo wote hubanwa kwa nguvu kwenye jiliwa mpaka magome yashikamane kama kitu kimoja.

Hapo ndipo ncha ya msuka, inayochomoza nyuma ya bamba la mwisho, hugongwa kwa nyundo hadi itanuke kama kichwa cha msumari na kuufunga mpini. Kwa utaratibu wa kale, mbano huo pekee ulitosha. Leo mafundi wengi huongeza gundi. Kwa wakati huu mpini bado ni mche wa pembe nne usiopendeza. Fundi huukata kwa kisu, huusugua kwa tupa, kisha kwa msasa, mpaka mistari ya matabaka ijitokeze, ya kahawia iliyokolea na iliyopauka ikipishana.

Wapo wanaochanganya magome na ngozi, pembe ya kulungu wa kaskazini, au mbao ya betula yenye mafundo, ambayo nyuzi zake zimepindapinda na kuacha michirizi kama moshi. Visu vya aina hiyo hupendeza sana kabatini. Kwa mtu anayefanya kazi nje, hata hivyo, gome tupu lina sifa ambazo si rahisi kuzipata penginepo.

Gome la betula lina betulini, kemikali inayolipa weupe wake, pamoja na suberini, ambayo hupatikana pia katika vizibo vya chupa. Zote mbili hufukuza maji. Ndiyo maana wakazi wa kaskazini walitandaza magome hayo kwenye mapaa ya nyumba, chini ya udongo na nyasi, na wakayasuka kuwa viatu, vikapu na mabegi ya mgongoni. Kwenye mpini, sifa hiyo humaanisha kwamba mbao ikivimba na kupasuka kwa kuloa na kukauka, gome hubaki lilivyo. Pia halinyonyi joto la kiganja kama chuma, na wakati wa baridi kali tofauti hiyo huhisiwa mara moja. Tena haliteleza sana mkono ukiwa na maji au magamba ya samaki. Mvuvi wa barafu hahitaji maelezo zaidi ya hayo.

Matunzo yake ni mepesi: kufutwa, kukaushwa, na mara mojamoja kupakwa nta au mafuta ya kitani. Kinachouharibu ni mashine ya kuoshea vyombo, ambayo humaliza mpini na ubapa kwa pamoja, hasa kwa kuwa visu vingi vya aina hii hufuliwa kwa chuma kinachoshika kutu.

Kutoka ugomvi hadi zawadi

Jina lililosikika zaidi katika historia ya kisu hiki ni Kauhava, mji wa Ostrobothnia Kusini, ambako Iisakki Järvenpää alianzisha kiwanda chake mwaka 1879. Sifa ya eneo hilo haikuwa njema wakati wote. Katika karne ya 19 liligubikwa na magenge ya vijana waliovuruga harusi na kumaliza ugomvi kwa visu, na masimulizi yao yangali yanasimuliwa, mengine kwa fahari isiyostahili.

Leo kumpa mtu puukko ni kumwambia kuwa anaaminika. Hupewa mfanyakazi anayestaafu, kijana aliyefikia umri, au mgeni aliyezoeleka. Kwa desturi ya watu wengi, mpokeaji hurudisha sarafu moja, ili kisu kihesabiwe kuwa kimenunuliwa na kisikate urafiki. Atakayekikataa kwa hofu ya silaha atamvunja moyo mwenyeji wake bila kukusudia.

Hofu hiyo hata hivyo ina msingi, na hapa ndipo mgeni anapaswa kuwa macho. Nchini Ufini, sheria ya utulivu wa umma iliyoanza kutumika mwaka 2003 inakataza kubeba mahali pa umma vitu vinavyoweza kumjeruhi mtu, isipokuwa kwa ajili ya kazi au sababu nyingine inayokubalika. Uswidi ina sheria yake ya mwaka 1988, inayohusu pia maeneo ya shule na magari yaliyo mahali pa umma. Adhabu yaweza kuwa faini au kifungo.

Kwa hiyo kisu kilekile huwa halali au kosa kutegemea mahali na shughuli. Fundi seremala akiwa kazini, au familia ikiwa njiani kwenda kuvua, ina sababu ya kuwa nacho. Jumatatu yake, kisu kikiwa kimesahauliwa ndani ya gari lililoegeshwa mbele ya duka, sababu hiyo imekwisha. Mtoto aliyejifunza kuchonga katika kundi la mazingira naye hapaswi kukipeleka shuleni kuwaonyesha wenzake, hata kama ni zawadi ya babu. Wazazi wengi hulikumbuka hili wakiwa wamechelewa.

Mti wenyewe nao una sheria. Haki ya kila mtu, inayoruhusu watu kutembea msituni na kuchuma matunda ya porini na uyoga, haigusi magome ya mti ulio hai. Ni hivyo Ufini, na ni hivyo Uswidi, ambako sheria ya jinai inataja gome la betula kwa jina. Fundi huomba ruhusa ya mwenye msitu, na mara nyingi hubandua kwenye miti ambayo tayari imepangiwa kukatwa. Kidonda kikifika gome la ndani na kulizunguka shina lote, mti hufa.

Anayerudi na zawadi hiyo kwa ndege ataiweka katika mzigo unaopakiwa, ndani ya ala yake, kwa kuwa kanuni za Umoja wa Ulaya haziruhusu kuingia ndani ya ndege na kisu chenye ubapa unaozidi sentimita 6. Kwa meli, inafaa kuiuliza kampuni husika kabla ya kufika bandarini, maana kila moja ina masharti yake.