SIKU ISHIRINI NA MOJA: Mwenzetu alivyofika bustani za Disney bila kuuza ng'ombe



Mwezi wa saba mwaka 2023 mwenzetu mmoja, karani wa mizani ya kupimia miwa, alikuja kwenye ofisi ya tawi akiwa na barua mkononi. Tulidhani ni barua ya onyo, maana nyingi zinazoletwa kwetu ni za namna hiyo. Kumbe ilitoka kwa binti yake, anayefanya kazi ya uuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee karibu na Boston, Marekani. Alikuwa ameandika: "Baba, wajukuu zako hujawaona hata siku moja. Njooni na Mama mwezi wa pili, twende sote Florida kwenye bustani za Disney."

Mzee huyu ameitumikia kampuni kwa miaka 26. Katika miaka yote hiyo hajapata likizo yake nzima kwa mara moja. Alikuwa akipewa siku tatu za msiba, siku nne za kupanda mahindi, na zilizobaki akilipwa pesa. Kwa hiyo hakutuuliza Florida iko wapi. Aliuliza mambo mawili: "Je, watanipa ruhusa? Na wakinipa, niuze ng'ombe wangu wawili?"

Tulikaa naye jioni tatu tukipiga hesabu. Tunazieleza hapa kwa sababu wako wenzetu wengi wenye watoto ng'ambo, na barua kama ile inaweza kumfikia yeyote.

Kwanza siku, ndipo pesa

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 hapa Uganda inampa mfanyakazi siku 7 za likizo yenye malipo kwa kila miezi minne ya kazi mfululizo. Miezi minne ni mara tatu kwa mwaka, basi jumla ni siku 21. Mkataba namba 132 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1970, nao unataja majuma matatu ya kazi kuwa ndicho kiwango cha chini kwa mwaka. Mkataba huo unasema pia kwamba mapatano ya kumfanya mfanyakazi aiache likizo hiyo ya chini kwa kulipwa fidia yasihesabiwe kuwa mapatano, au yakatazwe. Walioandika walijua kwamba pesa ya likizo huliwa kwa siku mbili, lakini mwili uliochoka haulipiki.

Mwajiri alijibu kwanza kwamba atatoa siku 10 na nyingine atazinunua. Katibu wa tawi hakugombana. Alichukua kalenda ya kiwanda akaonyesha kwamba mwezi wa pili mitambo husimamishwa kwa matengenezo, na miwa isipoingia, mizani haina la kupima. Aliomba mzee apewe siku zake zote wakati huo. Baada ya vikao viwili ilitoka barua yenye muhuri: siku 21 mfululizo, kwa malipo kamili, na tarehe ya kurudi kazini.

Barua hiyo ilifanya kazi mbili. Mzee na mkewe walipokwenda Kampala kuhojiwa kwa ajili ya visa, waliulizwa watarudi lini na kwa sababu gani. Mzee alitoa barua ya likizo. Mtu mwenye kazi inayomngoja ana jambo la kuonyesha.

Bustani zenyewe

Tusidhani ni bustani ya maua yenye bembea mbili. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Walt Disney ilinunua ardhi ya mabwawa na vichaka karibu na mji wa Orlando, kwa siri, ikitumia majina ya kampuni nyingine ili bei isipande. Walt Disney mwenyewe alikufa mwaka 1966 kabla ya kuona kitu. Bustani ya kwanza, Magic Kingdom, ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971. Zikafuata EPCOT mwaka 1982, ya mambo ya sinema mwaka 1989, na Animal Kingdom, ya wanyama, mwaka 1998. Eneo lote ni karibu kilomita za mraba 100. Kutoka uwanja wa ndege wa Orlando ni mwendo wa kilomita 30 hivi. Ndiyo sababu jamaa wengi wanaokwenda huko hukodi gari.

Hesabu ya safari

Ada ya kuomba visa ya matembezi ilikuwa dola 185 kwa kila mtu, na hairudishwi hata ukinyimwa. Kwa watu wawili ni dola 370. Masharti ya kuingia Marekani yamebadilishwa zaidi ya mara moja tangu wakati ule, kwa hiyo anayetaka kwenda aulize ubalozini kwanza, kabla ya kulipa nauli. Mwenye kuuza ng'ombe kabla ya kupata visa anaweza kubaki bila ng'ombe na bila visa.

Nauli ya ndege alilipa binti. Mzee alilipa pasipoti na ada za visa kutoka katika akiba yake. Tulimshauri asikope hata shilingi moja kwenye chama cha akiba na mikopo. Mkopo wa kununulia mbegu huzaa mavuno, lakini mkopo wa matembezi huzaa makato ya mshahara. Tulimwambia pia amwombe binti awakatie bima ya matibabu ya wasafiri, kwa sababu mzee ana shinikizo la damu, na kulazwa hospitali Marekani bila bima kunaweza kufilisi ukoo mzima.

Tiketi za bustani hupanda na kushuka bei kufuatana na tarehe. Mtoto asiyefika miaka 3 huingia bure, wa miaka 3 hadi 9 hulipa bei ya mtoto, na kuanzia miaka 10 huhesabiwa kuwa mtu mzima. Wajukuu walikuwa wa miaka 4 na 7. Wakati uliowezekana ulikuwa lile juma la Februari ambalo shule za Massachusetts hufungwa, nalo ni juma la watu wengi. Walipunguza gharama kwa njia nyingine. Walipanga nyumba ndogo mjini Kissimmee, nje ya bustani, wakapika wenyewe. Chakula cha nyumbani kinaruhusiwa kuingizwa ndani, ila si chupa za vioo wala pombe. Mama alifunga chapati na mayai kila asubuhi. Na badala ya bustani nne walichagua mbili.

Gari la kukodi

Hapa ndipo wengi huumia, kwa kuwa bei iliyoandikwa kwenye tangazo siyo bei utakayolipa. Binti alituandikia mambo aliyoyaangalia, nasi tunayapanga hivi:

1. Dereva. Aliyeandikwa kwenye mkataba ndiye anayeruhusiwa kuendesha. Dereva wa chini ya miaka 25 kwa kawaida hutozwa zaidi. Mzee ana leseni, lakini Marekani magari hupita kulia, naye amezoea kushoto. Alikaa kiti cha abiria bila kuona haya.

2. Amana. Kampuni huzuia kiasi cha fedha kwenye kadi ya benki ya mkodishaji mpaka gari lirudi. Fedha hiyo usiihesabu katika matumizi ya safari.

3. Bima. Mezani utauziwa bima juu ya bima. Binti aliuliza mapema, akakuta bima ya gari lake la nyumbani inafunika pia gari la kukodi. Asingeuliza angelipa mara mbili.

4. Barabara za kulipia. Ziko nyingi Orlando, na nyingine hazipokei fedha taslimu. Kamera hupiga picha ya namba, kisha kampuni ya magari hudai ushuru pamoja na ada yake yenyewe. Mamlaka ya barabara ya huko huwapa wageni kadi ya kutundika kiooni, bila malipo, ili walipe ushuru mtupu.

5. Viti vya watoto. Sheria ya Florida inataka mtoto wa miaka 5 na chini yake akae kwenye kiti chake maalumu. Binti alikuja na kiti kutoka nyumbani badala ya kukikodi kwa siku.

6. Mafuta. Lirudishe gari tangi likiwa limejaa. Huko hupima kwa galoni, karibu lita 3.8. Usingoje kujaza mlangoni mwa uwanja wa ndege, kwani hapo bei hupandishwa.

7. Mikwaruzo. Lizunguke gari na kulipiga picha kabla ya kuliondoa. Asiyefanya hivyo atalipia kosa la mwingine.

8. Maegesho. Mwaka 2024 kuegesha kwenye bustani kulikuwa dola 30 kwa siku. Uwanja ni mkubwa kama shamba letu la miwa, basi andika namba ya mstari ulikoliacha gari.

Aliyebaki nyumbani

Mkwe wa mzee hakwenda. Siku zake za likizo zilikuwa zimekwisha, na sheria ya taifa la Marekani haimlazimishi mwajiri kutoa hata siku moja ya likizo yenye malipo. Mfanyakazi hupata kile alichopatana na mwajiri wake. Mzee alituambia: "Nilimwonyesha mkwe wangu barua yangu ya siku 21. Aliisoma mara mbili, akaniuliza kama kweli nimeandikiwa mimi." Tulikuwa tumezoea kudhani kwamba wa ng'ambo wametupita katika kila jambo.

Kijiji kinachoitwa Harambe

Katika Animal Kingdom kuna kijiji cha kubuni cha Afrika Mashariki kilichopewa jina la Harambe, na safari ya malori iitwayo Kilimanjaro. Dereva huwaamkia abiria "Jambo!" na vibao vingine vimeandikwa kwa Kiswahili. Kuta ni mpya, lakini zimepakwa rangi zionekane zimechakaa. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mzee yeye alisimama akasoma kila kibao kwa sauti, na wajukuu, ambao Kiswahili walikijua kwa simu tu, walirudia maneno nyuma yake. Anasema hiyo ndiyo saa aliyoipenda kuliko zote, na wala haikutozwa zaidi.

Walipokuwa wakingoja lori alizungumza na mfagiaji mmoja wa mahali pale. Aliuliza kama wana chama. Wanacho. Vyama kadhaa vimeungana katika baraza moja linalopatana kwa niaba ya wafanyakazi karibu 45,000. Mwezi wa pili mwaka 2023 kampuni ilileta toleo la nyongeza ya mshahara, nao wakalipigia kura, na asilimia 96 wakalikataa. Mwezi wa tatu walipata mapatano mengine: kima cha chini kipande kutoka dola 15 hadi dola 18 kwa saa kabla ya mwaka kwisha. Mzee alipofanya hesabu kichwani hakumweleza yule mfagiaji kwamba kwetu kima cha chini cha kisheria kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, kikakaa zaidi ya miaka 30 bila kuguswa. Lakini sisi alitueleza, tena mbele ya mkutano wa tawi.

Alivyorudi

Alifika nyumbani siku ya ishirini, akapumzika siku moja, na iliyofuata alikuwa mizanini kabla ya kengele. Ng'ombe wote wawili wapo, na mmoja amezaa. Katika mshahara wake hakuna makato ya safari.

Tangu hapo tumefungua daftari la likizo. Mwaka jana wake wale tuliowauliza, wengi walikuwa wakiuza siku zao kila mwaka bila kujua kwamba wanaweza kuzidai. Si lazima uende Florida. Siku 21 zinatosha kuezeka nyumba, kumpeleka mama hospitali, au kukaa tu na watoto wakujue sura. Daftari liko kwa katibu. Njooni mwandike majina kabla mwisho wa mwezi, ili tuyapange pamoja na kalenda ya kiwanda.