Shanga Zinazohamia Kichwani

Mtajie namba za kujumlisha mtoto aliyebobea katika hesabu za kichwa kwa abakasi, na utaona vidole vyake vikichezacheza hewani. Anasogeza shanga. Mezani hapana kitu, lakini yeye anaiona fremu nzima, na jibu analisoma humo.

Abakasi hiyo ni soroban ya Wajapani, tofauti na ile ya vijiti na pete wanayoitumia watoto wetu kujifunzia mamoja, makumi na mamia. Kila ufito hubeba tarakimu moja. Juu ya upau unaokatiza fito kuna ushanga mmoja wenye thamani ya 5, na chini yake shanga nne, kila mmoja 1. Mpangilio huu una hekima. Jicho hutambua vitu vitatu au vinne papo hapo. Vikifika saba au vinane, huna budi kuvihesabu. Kwenye soroban hakuna 8 ya kuhesabiwa moja moja: ni ushanga wa tano na shanga tatu za chini, basi.

Sasa ongeza 7 juu ya hiyo 8. Ufito wa mamoja hauna nafasi. Mtoto anapandisha ushanga mmoja wa makumi, kisha anatoa 3 kwenye mamoja. Inabaki 15. Hakupita "tisa, kumi, kumi na moja". Alichohitaji ni kujua kwamba 7 na 3 ni 10. Jozi za kutimiza 5 na 10 ndizo moyo wa mafunzo yote haya, na asiyezimudu atahangaika hata akiwa na mwalimu hodari.

Mwaka 2012 Michael Frank na David Barner walichapisha utafiti kuhusu watoto wa Gujarat, India, wanaokokotoa kwa njia hii. Waliona kwamba picha iliyo kichwani hushikwa ufito kwa ufito, na kwamba namba zikizidi tarakimu tatu au nne, makosa huongezeka haraka.

Basi ustadi huu una mipaka yake, na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaowaahidi wazazi kwamba abakasi humwongezea mtoto akili. Barner na wenzake waliwafuatilia watoto 204 wa Vadodara, huko huko Gujarat, kwa miaka mitatu, wakatoa matokeo mwaka 2016. Waliofundishwa abakasi waliwapita katika hesabu wenzao waliopewa masomo ya ziada ya kawaida. Uwezo wao wa jumla wa kukumbuka na kufikiri haukubadilika. Tena waliofaidika zaidi ni wale ambao tangu mwanzo walikuwa wepesi wa kukumbuka mahali vitu vilipo. Kuwa hodari wa hesabu ni faida kubwa kwa mtoto. Haihitaji kupambwa kwa ahadi nyingine.

Kwa mzazi anayetafuta darasa, ningemshauri atazame jinsi mwalimu anavyomwachisha mtoto fremu. Anayeificha mapema ili kuwavutia wageni anamlazimisha mtoto kukariri majibu. Afadhali mtoto azoee shanga zenyewe kwanza, kisha ajaribu kichwani hesabu za tarakimu moja ambazo mikono yake imekwisha kuzizoea, na akikwama arudishiwe fremu bila kukaripiwa. Vidole vikicheza hewani, viachwe vicheze. Giyoo Hatano na wenzake walionyesha mwaka 1977 kwamba kuvizuia huwavuruga wengi ambao bado hawajafikia ubingwa.